Ndimi za moto kwenye modeli ya gari: mwongozo kamili, kuanzia bodi nyeusi hadi mstari wa ukingoni

Ukitazama gari lenye ndimi za moto zilizopakwa vizuri, jicho hukimbilia rangi: njano, machungwa, nyekundu. Lakini kinachoufanya moto ule uonekane unakimbia ni weusi uliobaki kati ya ulimi na ulimi. Weusi huo una umbo lake. Upande wa mbele una kichwa cha mviringo, nyuma yake unabanwa na kuwa shingo nyembamba, kisha unapanuka taratibu mpaka unamezwa na rangi ya bodi. Kichwa hicho cha mviringo tutakiita kwapa, kwa kuwa ndipo ndimi mbili zinapoachana. Ukiyapata makwapa sawasawa, moto utawaka hata ukiwa na rangi mbili tu. Ukiyakosea, utapata kitu kinachofanana na vidole vya glavu, na hakuna rangi itakayokuokoa.

Mfano tutakaoufuata ni modeli ya plastiki ya Ford ya 1932, kipimo cha 1/24 au 1/25, bodi nyeusi. Mtindo huu ulikomaa mikononi mwa wapaka rangi wa kusini mwa California katika miaka ya 1950, akina Von Dutch (jina lake halisi Kenneth Howard), Dean Jeffries na Larry Watson. Za Watson zilirefuka na kuwa nyembamba hadi zikaitwa ndimi za mwani, na aliyewahi kuona mwani ukilazwa na mkondo wa maji hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa tunafundisha zile za kale, nene mbele na kali nyuma, kwa sababu ndizo zinazoufunza mkono. Za mwani zifuate baadaye.

Kwanza, vipimo

Kosa la kawaida kuliko yote ni ndimi nene kupita kiasi. Kwenye gari halisi, ulimi wenye tumbo la sentimita 10 ni ulimi wa kawaida. Gawanya kwa 24, unapata milimita 4 na kidogo. Mstari wa ukingoni wa milimita 3 unageuka kuwa milimita 0.125, na huo hakuna mkono utakaouchora, milimita 0.3 inatosha na jicho linaikubali. Kwa hiyo weka mipaka hii kabla hujashika penseli: tumbo la ulimi lisizidi milimita 5, makwapa yawe ya kipenyo cha milimita 2 hadi 4, shingo ya weusi isiwe chini ya milimita 1, na ncha ya ulimi iwe kali kabisa, si butu.

Kwa kila ubavu, ndimi 4 au 5 zinatosha. Urefu wake usilingane. Mpangilio unaokubalika kwa Ford hii ni ulimi mmoja wa milimita 25, mwingine 40, mmoja mrefu wa 55 unaovuka mwanzo wa mlango, na wa chini wa 35. Ulimi mrefu kuliko wote usiwe wa juu kabisa wala wa chini kabisa. Uweke kati, ndio unaobeba mwendo.

Vifaa

Eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, iwe ya vitendo viwili, ile ambayo kidole kimoja kinaminya hewa na kuvuta rangi, yenye nozeli ya milimita 0.2 au 0.3. Kompresa iwe na geji na mtego wa maji. Kwa watu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja mtego huo ni lazima. Hewa ya pwani imejaa maji, na tone moja likirushwa kwenye rangi mbichi kazi ya siku tatu inaharibika.

Tepe zinahitajika za aina mbili. Ya kwanza ni ya vinyl inayokubali kupinda, upana wa milimita 2, na ukiipata ya milimita 1 bora zaidi. Ya pili ni ya karatasi ya wapaka modeli, kama ile ya njano ya kampuni ya Tamiya, upana wa milimita 6 na 18. Utepe wa karatasi wa mafundi nyumba usiutumie ukingoni: karatasi yake ina mikunjo, na rangi hupita chini ya kila mkunjo. Utumie kufunikia sehemu za mbali tu.

Ongeza kisu cha wembe wenye ncha, aina ya namba 11, na wembe mpya kadhaa. Kipande cha kioo cha kukatia. Msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000 na 3000. Karatasi ya kunakilia, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Penseli laini ya 2B. Vijiti vya meno. Vijiti vya pamba vyenye ncha. Na vibomba vya shaba vya milimita 2, 3 na 4. Vibomba hivi ndivyo vitakavyotoboa makwapa, kwa hiyo noa mdomo wa kila kimoja kwa nje, ukiuzungusha juu ya msasa mpaka ukate utepe kwa kubonyezwa mara moja.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tafuta yenye vichujio vya mkaa, na pakia mahali penye dirisha wazi.

Rangi gani juu ya rangi gani

Kanuni ni moja: rangi yenye thina kali hukaa chini, yenye thina laini hukaa juu. Laka juu ya enameli itaikunja enameli kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Enameli juu ya laka iliyokauka haina tatizo.

Mpangilio tunaoupendekeza unatumia kanuni hiyo kwa faida yako. Bodi iwe ya laka ya kopo la kupulizia: Tamiya TS-14 nyeusi, kisha klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, TS-13. Ndimi ziwe za akriliki: X-2 nyeupe, X-8 njano ya limau, X-6 machungwa, X-7 nyekundu, na X-27, ile nyekundu angavu inayopitisha mwanga. Zote huzimuliwa kwa thina ya X-20A. Faida yake ni hii: ukiharibu ulimi, pamba iliyolowa alkoholi ya isopropili inaifuta akriliki, na klia ya laka iliyokauka chini yake haiguswi ikiwa hukuisugua kwa muda mrefu. Unarudia ulimi mmoja, si gari zima.

Rangi ya magari ya gereji nayo inafaa kwa bodi, ila thina yake huyeyusha plastiki ya modeli. Ukiitumia, tanguliza praima kikamilifu, na tabaka za kwanza ziwe za vumbi, karibu kavu. Na kama bodi yako ni nyekundu badala ya nyeusi, fahamu kwamba rangi nyingi nyekundu hupanda juu na kuifanya nyeupe iwe ya waridi. Piga tabaka jembamba la fedha kwenye eneo la ndimi kabla ya nyeupe, litaziba.

Kuandaa bodi

Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu. Kwangua mistari ya kalibu kwa mgongo wa kisu, hasa ile inayopita juu ya paa na kwenye pembe za boneti, kisha lainisha kwa msasa 1000. Praima ya kijivu tabaka mbili nyembamba, msasa 1500 kwa maji, halafu nyeusi tabaka tatu, dakika 20 kati ya moja na nyingine. Hapa hakuna siri.

Siku inayofuata, piga klia tabaka mbili juu ya nyeusi, uache saa 48. Wengi huiruka hatua hii, kisha utepe unabandua weusi au kisu kinaukata. Klia ni ngao. Ikishakauka, ifute mng'ao kwa msasa 3000 wenye maji kwenye eneo la ndimi tu, mpaka ifanane na kioo kilichopuliziwa pumzi. Juu ya mng'ao kamili akriliki haishiki, inateleza na kujikusanya.

Boneti ya Ford hii huwa kipande chake. Ipachike mahali pake kabla ya kuchora, uishikize kwa ndani kwa gundi laini ya kubandikia picha ukutani. Ndimi lazima zivuke upenyo kati ya boneti na bodi bila kuvunjika, na ukizipaka vipande vikiwa mbalimbali hazitakutana, hata ukipima vipi.

Kuchora

Chora ubavu mmoja kwanza, kwenye karatasi ya kunakilia iliyobandikwa juu ya gari. Weka alama za kudumu kwenye karatasi hiyo: pembe ya mbele ya boneti, mstari wa mlango, kona ya kioo cha mbele. Bila alama hizo upande wa pili utasogea milimita 2 na hutajua kwa nini.

Usianze na ndimi. Anza na makwapa. Kwa ndimi 4, tia nukta 3 mahali yatakapokaa, na zisipangwe kwenye mstari wima. Moja iende mbele, inayofuata irudi nyuma, nyingine mbele kidogo. Halafu chora miduara yake, ya juu milimita 3, inayofuata 4, ya chini 2. Sasa toa mistari kutoka kwenye miduara kuelekea nyuma. Kila mstari upinde mara mbili, kama herufi S iliyovutwa: unatoka kwapani ukibana weusi, unapita kwenye tumbo la ulimi, kisha unageuka na kwenda nchani. Mstari unaopinda mara moja tu hutoa pembe la ng'ombe. Unaopinda mara tatu hutoa nyoka.

Ukimaliza, iweke modeli mbali kiasi cha mita moja na uitazame ukiwa umefumba jicho kidogo. Tazama weusi tu. Pale ambapo nafasi mbili za weusi zimefanana kwa umbo na urefu, badilisha moja. Hatua hii ni ya dakika kumi, na ndiyo inayotenganisha moto na pambo la sare.

Upande wa pili unapatikana kwa kugeuza karatasi. Paka penseli ya 2B juu ya mistari upande wa mbele wa karatasi, ule uliouchora, igeuze ili upande huo uguse bodi, linganisha alama zako za boneti, mlango na kioo, kisha fuatisha mistari kwa kijiti cha meno ili risasi ya penseli ihamie kwenye bodi. Ubavu wa kwanza uhamishe vivyo hivyo bila kugeuza karatasi, penseli ikiwa imepakwa upande wa nyuma. Juu ya weusi risasi hung'aa ukiinamisha gari kwenye mwanga, inatosha kuonekana. Hakiki kwa simu: piga picha ya kila ubavu kutoka umbali uleule, geuza picha moja kushoto kulia, uzilinganishe. Ndimi za boneti juu zinahitaji usawa kuliko za ubavuni, maana pale macho yanaona pande zote mbili kwa mara moja.

Kufunika

Kumbuka kinachofunikwa ni weusi. Utepe hukaa nje ya ulimi, na ukingo wake wa ndani ndio utakaokuwa ukingo wa moto.

Bandika utepe wa njano wa milimita 18 kwenye kioo, toboa miduara kwa vibomba vya shaba, uinue kila mduara kwa ncha ya kisu na uuweke kwapani mwake. Hapa kazi ngumu imeshakwisha kabla haijaanza, kwa sababu kupindisha utepe kwenye duara la milimita 3 ndiko kunakowashinda wengi. Mduara uliotobolewa hauna pembe wala mkunjo.

Kisha chukua utepe wa vinyl wa milimita 1 au 2. Anzia juu ya mduara, ukingo wa utepe ukigusa ukingo wa mduara bila kuacha pengo, uvute kuelekea nyuma. Mkono mmoja ushike utepe hewani, sentimita 5 mbele ya mahali unapobandika. Kidole cha mkono mwingine kinaulaza. Mkono wa hewani ndio unaoongoza njia, kidole kinafuata. Usiunyooshe utepe kwenye mpindo. Ulionyooshwa unakumbuka urefu wake wa zamani, na baada ya saa moja mbili unaanza kujinyanyua hapo hapo. Kwa sababu hiyo usifunike leo ukapaka kesho.

Tepe mbili zinazounda ulimi mmoja, ya juu na ya chini, zipishane nchani kwa milimita 5. Makutano yake ndiyo yanayotoa ncha kali. Ukizikata kabla ya kupishana, utapata ncha iliyokatika kama msumari butu.

Jaza nafasi zilizobaki za weusi kwa vipande vya utepe wa karatasi, kila kipande kikipanda juu ya vinyl kwa nusu ya upana wake. Sehemu nyingine yote ya gari ifunge kwa karatasi au mfuko wa plastiki, na usisahau madirisha: rangi huingia kupitia dirishani na kutulia kwa ndani ya paa. Ziba kwa ndani.

Kwenye upenyo wa mlango na boneti utepe huning'inia juu ya mfereji kama turubai, na rangi hupita chini yake. Ubonyeze ushuke ndani kwa kijiti cha meno. Utepe ukikataa, ukate pale pale kwa kisu na uulaze kila upande kivyake. Mwisho, pita ukingo wote wa ndani kwa kijiti cha meno kilichochongwa bapa, ukibonyeza mpaka utepe ubadilike rangi kidogo. Mahali palipobaki pameng'aa au pana kiputo pana hewa chini yake.

Kabla ya rangi yoyote ya moto, piga X-1 nyeusi iliyozimuliwa sana, tabaka mbili za vumbi, kwenye kingo zote. Inapenya kwenye mianya midogo na kuiziba, na kilichovuja ni cheusi juu ya cheusi, hakuna atakayekiona. Acha dakika 20.

Kupaka

Njano juu ya nyeusi hutoa kijani cha matope, kwa hiyo nyeupe hutangulia. Zimua X-2 kwa kipimo kimoja cha rangi na kimoja na nusu cha X-20A, hewa psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa, utakisoma kwenye geji), eabrashi umbali wa sentimita 8. Tabaka la kwanza litaonekana kama vumbi la chaki, la pili kijivu, la tatu au la nne ndilo litakalokuwa nyeupe. Usilazimishe ifunike mapema. Nyeupe nzito hujikusanya kwenye ukingo wa utepe na kuacha tuta ambalo utalipigania kwa msasa wiki nzima.

Elekeza upepo kutoka kwenye utepe kuingia ndani ya ulimi, au wima. Ukipuliza kutoka ndani kuelekea ukingoni, unaisukuma rangi chini ya utepe.

Njano X-8, kipimo kimoja kwa viwili vya thina, tabaka mbili au tatu juu ya eneo lote. Njano iliyo mbele, karibu na grili, ndiyo moyo wa moto, na itabaki njano mpaka mwisho.

Sasa punguza hewa iwe psi 10 hadi 12, zimua X-6 kwa kipimo kimoja kwa vitatu, sogea hadi sentimita 3 au 4. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka njano. Anza nchani mwa ulimi na urudi mbele, ukilegeza kidole kadiri unavyokaribia katikati, ili machungwa yafe yenyewe ndani ya njano. Kwa ulimi wa milimita 40, eneo la kuchanganyikana liwe milimita 10 hivi. Likiwa fupi kuliko hapo, utaona mkanda, si mwako. Pitia pia ukingo wa makwapa kwa machungwa hafifu sana, upana wa milimita 1. Kivuli hicho kidogo huufanya ulimi uonekane umevimba kutoka kwenye bodi.

Nyekundu X-7 ikae theluthi ya mwisho ya ulimi, kwa namna hiyo hiyo. Halafu X-27, pumzi mbili tatu kwenye ncha pekee. Hii inazamisha ncha na kuipa kina ambacho nyekundu ya kawaida haina. Usizidishe: kila pumzi ya X-27 hukoleza, na hakuna kurudi nyuma isipokuwa kupaka upya njano.

Rangi ikirusha miguu kama ya buibui, umezimua mno au umekaribia mno kwa hewa kubwa. Shusha psi na uache tabaka likauke. Ikitua ikiwa ya chengachenga kama mchanga, inakauka hewani kabla ya kufika. Sogea karibu, ongeza thina kidogo. Ikikimbia na kuacha vijishimo vya mviringo, kuna mafuta: alama za vidole au dawa ya kung'arisha dashibodi iliyotumika chumba hicho hicho. Hapo futa yote kwa alkoholi, safisha, anza tena. Kupaka juu ya vishimo hakuvizibi.

Kubandua

Subiri dakika 30 baada ya tabaka la mwisho. Rangi iwe imeshika bila kuwa ngumu. Ikigumu kabisa hukatika vipande badala ya kuachia kwa mstari safi. Anza na vipande vya juu, malizia na vinyl na miduara. Kunja utepe urudi juu ya mgongo wake mwenyewe, uuvute taratibu ukiwa umelala karibu na bodi. Usiuvute wima.

Mahali palipovuja pafanyie kazi sasa hivi. Kijiti cha pamba chenye ncha, alkoholi kidogo tu kiasi cha kulowesha, futa kutoka kwenye weusi kuelekea kwenye ulimi. Kasoro ndogo kuliko robo ya milimita ziache: mstari wa ukingoni utazifunika.

Klia na msasa

Acha akriliki saa 24 kamili. TS-13 ina thina kali, na ikipigwa nzito juu ya akriliki huipasua mithili ya tope lililokauka. Tabaka mbili za kwanza ziwe za vumbi, kutoka sentimita 25, dakika 20 kati yake. Hazitang'aa, na hazitakiwi kung'aa. Baada ya hapo ndipo piga mbili za kulowesha. Kopo likikaa dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, unayoweza kuweka mkono bila kuungua, hupuliza laini zaidi. Maji ya moto usithubutu, kopo hupasuka.

Siku za mvua au hewa nzito, klia hupata ukungu mweupe kwa sababu unyevu hunaswa ndani yake. Afadhali uahirishe kuliko kujaribu bahati. Pwani, saa za mchana zenye jua na upepo ni salama kuliko alfajiri.

Baada ya siku 7, pitisha ukucha juu ya ukingo wa ulimi. Utahisi tuta. Msasa 2000 wenye maji na tone la sabuni, ukifungwa kwenye kifutio laini, upite kwa mwendo wa mbele na nyuma mpaka tuta lififie. Kaa mbali na mapindo makali ya bodi, pembe za boneti na midomo ya milango. Pale klia ni nyembamba, na msasa hufika kwenye rangi kwa mapitio mawili. Maji yakigeuka mekundu au ya njano, umeshafika: acha. Osha, kausha, piga klia tabaka mbili nyingine za kulowesha. Baada ya wiki nyingine, msasa 3000, kisha dawa ya kung'arishia, ya chembe kubwa kwanza na laini baadaye, kwa kitambaa cha pamba na mkono, bila mashine. Ukucha ukipita sasa usijue weusi umeishia wapi, ukingo umezikwa.

Mstari wa ukingoni

Hapa enameli inarudi, na tunaipaka juu ya klia kwa makusudi. Mstari ukikosewa, pamba yenye tapentaini inaufuta na klia ya laka inabaki salama. Huwezi kufanya hivyo kama mstari uko chini ya klia. Na ukishaupaka, usiufunike kwa TS-13, itaukunja.

Rangi ya bluu hafifu ndiyo iliyozoeleka kuzunguka moto wa njano na nyekundu, na ni chaguo zuri: haimo kwenye moto wala kwenye bodi, kwa hiyo inaonekana kila mahali. Nyeupe hufaa pia. Kijani cha ndimu kinahitaji ujasiri.

Brashi iwe ya nywele ndefu na chache, namba 10/0. Enameli iwe na uzito wa maziwa ya maji. Nzito hukatika, nyepesi hutawanyika. Vuta brashi mara kadhaa kwenye kioo mpaka nywele zishikane kama uzi mmoja. Kaza gari kwenye kishikio, egemeza kidole cha mwisho kwenye bodi, na vuta mstari kuelekea kwako. Anzia kilele cha kwapa, ushuke upande mmoja hadi nchani, kisha urudi kileleni ufanye upande wa pili. Usijaribu kuzunguka kwapa kwa mpigo mmoja. Geuza gari, si kiwiko. Nchani, mistari miwili ikutane na iendelee pamoja milimita 1 au 2 kupita mwisho wa rangi, ikififia. Mkia huo mdogo ndio unaoupa ulimi kasi.

Jipe mazoezi kwenye vijiko vyeusi, ishirini si vingi. Waliozoea kuchora mapambo ya matatu kwa brashi watashangaa jinsi pumzi inavyoonekana kwenye mstari wa milimita 0.3: toa pumzi kwanza, vuta mstari, ndipo uvute pumzi nyingine.

Acha enameli siku 3 bila kuigusa. Kisha pitisha ncha ya kisu kipya kwenye upenyo wa boneti ili kukata utando wa rangi na klia uliounganisha vipande viwili, na inua boneti kwa kuisukuma kutoka ndani. Ukiinyofoa kwa nje bila kukata, utando huo hupasuka na kuondoka na kipande cha ulimi, na huwa ni kile kilicho katikati kabisa, mahali pasipofichika.